Kabla ya kununua seti ya filta, angalia kwanza kamera yako

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongeze maelezo kwenye makala yenu kuhusu kupiga picha za sayari kwa darubini. Makala ilieleza vizuri namna ya kuitafuta Mshtarii angani, lakini ilipofika kwenye filta za rangi ilimshauri msomaji anunue seti nzima ya filta 12, kisha ikampa orodha: nyekundu kwa Mirihi, bluu kwa Mshtarii, njano kwa Zohali. Orodha hiyo inamfaa anayetazama kwa jicho. Mpiga picha akiifuata anaweza kutupa fedha, kwa sababu kuna swali linalotangulia: nyuma ya filta kuna nini? Ni jicho, simu, kamera ya rangi, au kamera isiyo na rangi? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua ununue nini, na mara nyingi utanunua filta mbili hadi nne, si 12.

Filta haiongezi rangi. Kazi yake ni kuzuia. Namba zilizochorwa kwenye pete yake ni za mfumo wa Wratten, Mwingereza ambaye kampuni yake ilinunuliwa na Kodak mwaka 1912. Namba 8, ya njano hafifu, hupitisha takriban asilimia 83 ya mwanga unaoonekana. Namba 80A, ya bluu, hupitisha asilimia 30. Namba 25, nyekundu, hupitisha 14, na namba 47, ya zambarau, asilimia 3 tu. Mwenye darubini ya kipenyo cha milimita 114 akifunga namba 47 ataona giza, na atadhani darubini imeharibika.

Kwa jicho, basi, na darubini isiyozidi milimita 150, filta tatu zinatosha kabisa: 80A kwa ajili ya kukoleza mikanda ya Mshtarii, 12 au 15 kwa mikanda hafifu ya Zohali, na 21 au 23A kwa maeneo meusi ya Mirihi. Namba 25 na 47 ziache dukani. Tena, kama kwenye sanduku la darubini ya bei nafuu kuna kifilta cheusi kilichoandikwa kuwa ni cha kutazamia Jua, kile cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, kivunje ukitupe. Kinakaa mahali ambapo mwanga wote wa Jua umekusanywa, kinapasuka kwa joto, na jicho linaungua kabla hujaliondoa. Filta ya Jua hufunika mdomo wa mbele wa darubini, basi. Na hakuna filta ya rangi, hata nyeusi kiasi gani, inayoweza kushika nafasi yake.

Simu ina mambo yake. Kihisi cha simu kimeshafunikwa vidoa vya rangi tatu, na juu yake kuna kioo kinachozuia infraredi, ule mwanga usioonekana ulio ng'ambo ya nyekundu, kwa hiyo filta ya infraredi haitakusaidia kitu. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba simu husahihisha rangi yenyewe. Ukifunga filta nyekundu, simu hudhani umeingia kwenye chumba chenye taa nyekundu, inapandisha bluu ambayo haina mwanga wowote, na picha inajaa chenga. Ingia kwenye hali ya kupiga picha kwa mkono, ufunge mizani ya rangi, ISO, muda wa mwanga na fokasi. Ukweli ni kwamba mwenye simu atapata matokeo bora zaidi akiacha filta kabisa na kurekodi video ya dakika moja, kisha achague fremu nzuri kwenye kompyuta.

Mwenye kamera ya sayari ya rangi, zile ndogo zinazoingia mahali pa lenzi ya jicho, naye aiache seti hiyo. Katika kila pikseli nne za kihisi chake, moja ni nyekundu, mbili ni za kijani na moja ni ya bluu. Akifunga namba 25, pikseli tatu kati ya nne zinabaki karibu na giza, kwa hiyo amepoteza mwanga na uchambuzi, yaani uwezo wa kuonyesha vitu vidogo, kwa mkupuo mmoja. Rangi nyekundu anaweza kuitoa baadaye kwa kutenganisha chaneli kwenye programu, bila gharama. Huyu anahitaji filta mbili. Ya kwanza ni ile inayozuia urujuanimno na infraredi, ikiacha mwanga unaoonekana tu, wenye mawimbi ya urefu wa nanomita 400 hadi 700. Bila hiyo, kamera nyingi za aina hii hutoa picha iliyofifia yenye wekundu usio wake. Ya pili ni ya kupitisha infraredi kuanzia nanomita 685 hivi. Rangi za pikseli hupoteza uwezo wa kuzuia kadiri unavyoingia ndani ya infraredi, na kufika nanomita 850 pikseli zote huona karibu sawa, kana kwamba kamera haina rangi.

Anayefaidika kweli na filta za rangi ni mwenye kamera isiyo na rangi. Hapo kila pikseli inapokea kila kitu, na wewe unaamua ipokee nini. Seti ya nyekundu, kijani na bluu iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera ni bora kuliko namba za Wratten kwa sababu mbili. Kwanza, vioo vyake vina unene mmoja. Kioo kinasogeza fokasi nyuma kwa theluthi moja ya unene wake. Filta ya milimita 2 inasogeza kama milimita 0.7, na filta nyingine ikiwa ya milimita 3, basi kila ukibadilisha rangi lazima ufokasi upya wakati sayari inaendelea kuzunguka. Pili, na hili ndilo linalowaangusha wengi, filta za rangi za zamani zilibuniwa kwa jicho na filamu. Namba 47, 58 na 80A hufunga vizuri ndani ya mwanga unaoonekana, halafu baada ya nanomita 700 na kitu hufunguka tena. Jicho halioni huko. Kihisi cha silikoni huona hadi karibu nanomita 1000. Namba 47 inayopitisha asilimia 3 ya mwanga unaoonekana inaachia infraredi kwa wingi, na picha unayoiita ya bluu kumbe ni ya infraredi.

Kulipima hilo hakuhitaji maabara. Chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera iliyofungwa filta ya bluu, bonyeza kitufe chochote. Taa ya rimoti hutoa mwanga wa nanomita 940 hivi. Ukiiona ikimetameta kwenye skrini, filta inavuja. Ongeza ile filta ya kuzuia infraredi mbele yake, urudie. Taa ikizimika, una bluu ya kweli. Dalili nyingine iko kwenye Mshtarii yenyewe: katika bluu, Doa Kubwa Jekundu linapaswa kuwa jeusi na kali, na katika nyekundu linapauka hadi karibu kupotea. Ukiona limepauka kwenye picha ya bluu, usilaumu fokasi.

Sasa tuje kwenye hesabu za kazi yenyewe. Zidisha ukubwa wa pikseli kwa mikroni mara 5, upate uwiano wa fokasi unaofaa, yaani urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo cha darubini. Pikseli ya mikroni 2.9 inataka karibu f/14.5. Darubini ya milimita 200 yenye f/6, ikiwekewa lenzi ya Barlow, ile ya kurefusha fokasi, ya mara 2, inafika f/12 na urefu wa fokasi wa milimita 2400. Kila pikseli hapo inabeba robo ya sekunde ya tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3600 ya nyuzi moja), na Mshtarii yenye upana wa sekunde 45 inachukua pikseli 180. Kwa hiyo kata fremu iwe 320 kwa 240. Hakuna sababu ya kurekodi anga tupu. Muda wa mwanga usizidi milisekunde 10 hadi 15 ili mtikisiko wa hewa ugande, na histogramu, ile grafu ya mwangaza wa picha, ifike asilimia 60 hadi 70. Bluu itahitaji geini (ukuzaji wa ishara ya kihisi) ya juu zaidi kuliko nyekundu. Ukirekodi fremu 100 kwa sekunde kwa dakika moja, faili la video la SER, muundo usiobana, la biti 8 litafika megabaiti 460 hivi kwa kila rangi. Usirekodi kwa muundo unaobana video; ubanaji hufuta vitu vidogo vilevile unavyovitafuta.

Mshtarii inajizungusha kwa saa 9 na dakika 56. Katikati ya duara lake, alama husogea karibu robo ya sekunde ya tao kwa dakika. Darubini ya milimita 150 hutenganisha vitu vilivyoachana kwa sekunde 0.77, kwa hiyo rangi zote tatu ziishe ndani ya dakika 3: sekunde 45 kwa kila moja, na sekunde 15 za kuzungusha gurudumu la filta. Anza na nyekundu, kijani iwe katikati, umalize na bluu. Ukichelewa utajua tu, kwani mwezi Io utatokea kama nukta tatu zilizopangana, kila moja na rangi yake. Programu ya WinJUPOS inaweza kurudisha mzunguko nyuma na kukuruhusu urekodi kwa muda mrefu zaidi, mradi saa ya kompyuta iwe sahihi. Mirihi haina haraka hiyo: inajizungusha kwa saa 24 na dakika 37, na duara lake ni dogo, hivyo dakika 10 hazina madhara.

Makala yenu iliandikwa kama vile anga ni moja kila mahali. Hapa Kigoma tuko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na sayari hupita juu sana, wakati mwingine karibu na utosi. Hiyo ni bahati kubwa. Sayari ikiwa nyuzi 30 tu juu ya upeo, hewa hufanya kazi ya prizimu: bluu na nyekundu huachana kwa karibu sekunde 2 za tao, na wapiga picha wa Ulaya hununua vifaa maalumu vya kurekebisha jambo hilo. Sayari ikiwa utosini tofauti hiyo karibu haipo. Si ajabu kwamba aliyegundua mwaka 2006 kuwa duara jeupe la Mshtarii liitwalo Oval BA limegeuka jekundu alikuwa Christopher Go, mpiga picha wa ridhaa wa Cebu, Ufilipino, nyuzi 10 hivi kaskazini mwa ikweta.

Lakini bahati hiyo ina gharama zake. Viegemeo vingi vya ikweta, vile vinavyoizungusha darubini kufuata mwendo wa anga, vimetengenezwa kwa latitudo za kaskazini na haviteremki chini ya nyuzi 15 au 20. Vyetu vinatakiwa kuelekea kusini kwa nyuzi 5. Kama chako kinaishia 15, fupisha mguu wa stendi unaoelekea kusini: pengo la nyuzi 10 ni sentimita 17 hivi kwa kila mita moja ya upana wa miguu. Kisha hakikisha fimbo ya uzito haigongi mguu, na kwamba stendi haianguki. Nyota ya Kaskazini haipo kwetu, na ile hafifu ya ncha ya kusini inazama kwenye ukungu wa upeo, kwa hiyo panga kwa dira, halafu urekebishe kwa kutazama nyota inavyoteleza. Mwenye darubini ya Dobson, ile ya kusukuma kwa mkono, asubiri sayari iwe nyuzi 60 hadi 70. Ikifika utosini kabisa, haifuatiki kwa mkono.

La pili ni moshi. Kuanzia Juni hadi Oktoba anga la Kigoma na Tabora halina mawingu, na mtu angesema huo ndio msimu. Lakini ndio wakati misitu ya miyombo na mbuga zinapochomwa. Chembe za moshi hutawanya bluu kuliko nyekundu, kwa hiyo chaneli ya bluu inapoteza mwanga na ukali pamoja. Nimeona watu wakipandisha geini hadi picha inakuwa changarawe. Fanya kinyume: ipe bluu sekunde 70, nyekundu 40, na kwa usiku wenye moshi mzito achana na rangi kabisa, piga nyekundu peke yake au infraredi. Mawimbi marefu pia hayasumbuliwi sana na hewa inayochemka. Ubaya wake ni kwamba uchambuzi wa darubini hushuka: kwa kioo cha milimita 150, nukta ya mwanga ina nusu-kipenyo cha sekunde 0.75 kwenye nanomita 450, na 1.17 kwenye nanomita 700. Hewa ikiwa tulivu kweli, kijani ndiyo hutoa picha kali kuliko zote, na mara nyingi hali hiyo hutokea katikati ya masika, mvua ikishaosha anga na mawingu yakipasuka kwa robo saa. Robo saa inatosha.

Epuka kupiga juu ya paa la bati au ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa. Joto lake hupanda hadi usiku wa manane. Simamisha darubini kwenye nyasi au udongo, si kwenye saruji, na uiache nje dakika 45 kabla ya kuanza, saa nzima kwa kioo cha milimita 200. Zuhura ya jioni usiisubiri ishuke kuelekea milima ya Kongo, maana huko unapiga picha kupitia tabaka lote la ukungu wa ziwa. Ipige Jua likishazama tu, ikiwa bado juu. Nyekundu haitakuonyesha chochote zaidi ya umbo lake, kwani mawingu yake hujitofautisha kwenye urujuanimno. Namba 47 ikiwa pamoja na filta ya kuzuia infraredi inakaribia huko na hutoa vivuli hafifu kwa gharama ndogo. Hiyo ndiyo kazi pekee ninayoiona inafaa kwa namba 47.

Mirihi itakuwa mkabala na Jua, Dunia ikiwa katikati yao, tarehe 19 Februari 2027, ikiwa na upana wa sekunde 13.8 tu, ndogo lakini juu sana kwetu. Itakuwa mwishoni mwa majira ya kuchipua ya kaskazini mwa Mirihi, majira ambayo ukanda wa mawingu ya barafu hujitokeza karibu na ikweta yake. Hapo bluu ina kazi. Doa jeupe linalong'aa kwenye bluu na kufifia kwenye nyekundu ni wingu. Likifanya kinyume ni vumbi. Ila tahadhari na ule mstari mwembamba unaong'aa pembezoni mwa duara: mara nyingi si wingu, ni ukingo wa uongo unaozaliwa na kunoa picha kupita kiasi. Kwenye AutoStakkert, programu ya kuchagua na kurundika fremu, chukua asilimia 20 hadi 30 ya fremu bora, kisha unoe taratibu kwenye programu ya RegiStax, na ulinganishe kingo zote mbili kabla ya kutangaza ugunduzi. Wengine huweka picha ya infraredi kuwa msingi wa mwangaza na kupaka rangi juu yake. Kwa Mirihi inavumilika. Kwa Mshtarii naiona ni udanganyifu, kwa sababu Doa Kubwa Jekundu linatoka limepauka na msomaji anaamini ndivyo lilivyo.

Filta zikae kwenye kisanduku chenye silika jeli, maana unyevu wa ziwa huotesha ukungu kwenye vioo. Vumbi lipulizwe kwa kipulizio cha mpira, shati halifai. Na karatasi za rangi za kufungia pipi zisikaribie kamera. Rangi zake zinaweza kupendeza, ila karatasi zenyewe haziko bapa, na picha nzima inaingia ukungu.

Ombi langu kwenu, Ndugu Mhariri: mnapochapisha picha ya sayari, maelezo chini yake yataje kipenyo cha darubini, filta iliyotumika, tarehe na saa. Picha ya Mshtarii isiyo na rangi na isiyo na maelezo haimwambii msomaji kama mikanda ile imebadilika au ni filta tu imebadilishwa. Na saa iandikwe kwa UT, saa ya dunia, kwa sababu hapo ndipo kumbukumbu nyingi zinapoharibika. Saa 3 usiku ya Kigoma ni 21:00 ya Afrika Mashariki, na 18:00 UT. Mtu akisahau kutoa yale masaa 3, Mshtarii inakuwa imezunguka nyuzi 109 kwenye ramani, na Doa Kubwa Jekundu litaandikwa upande ambao halipo.

Msomaji wenu,
Kigoma